Sura ya Tano: Magari ya Houston Yanayolala Haltom City

Jumapili ile Jerioth hakuingia kanisani. Alibaki nje, kwenye maegesho ya parokia moja ya Haltom City, akihesabu magari wakati wenzake wanahesabu dhambi zao. Mungu amsamehe, kazi ni kazi. Tangu aajiriwe kuwa mpelelezi wa ndani wa kampuni ya magari ya Haldane, alikuwa amejifunza kwamba ukitaka kujua watu wananunua gari gani, usiwaulize. Nenda ukaangalie wanapoegesha.

Alipita safu kwa safu, daftari mkononi. Alitafuta aina moja tu, gari la familia la viti vinane, na alikuta thelathini na moja. Kumi na mawili yalikuwa Orla, gari la Haldane, yote ya miaka ya nyuma. Kumi na tisa yaliyobaki yalikuwa Kestrio, gari la mshindani wao, mapya, mengine viti bado vimefunikwa nailoni. Hilo halikumshangaza, ndilo lililomleta. Kilichomfanya ainame ni fremu.

Kila yadi ya magari Texas hufunga fremu ya plastiki kuzunguka kibao cha namba, imeandikwa jina la yadi na la mji, ili gari litembee likiipigia debe. Fremu zote kumi na tisa zilisema Houston. Yaani watu walikuwa wanaipita yadi ya Haldane iliyo dakika kumi kutoka hapo, wanazipita na yadi za Kestrio za Dallas na Fort Worth, wanaendesha saa nne na ushei kwenda kusini, wananunua gari, kisha wanarudi nalo kulala Haltom City.

Hakuna mwenye akili timamu anayekwenda kuchota maji mto wa mbali ilhali bomba liko mlangoni kwake. Ama bomba lina kasoro, Jerioth aliandika, ama kuna mtu anayewaelekeza mtoni.

Jumatatu asubuhi alikuwa Plano, makao makuu ya Haldane, ghorofa ya sita, kwenye ofisi ya Bi. Hargrove, mkuu wa kanda. Bi. Hargrove alikuwa mwanamke mrefu asiyependa viti. Vikao vyake watu walisimama, na kwa hiyo vilikuwa vifupi. Mezani kulikuwa na barua iliyokwisha kuchapwa, bado haijatiwa sahihi.

Otieno, mchambuzi wa soko, ndiye aliyeanza. Alieleza kwamba Texas nzima inakimbilia pikapu na magari makubwa ya SUV, na watengenezaji wengi wameliacha kabisa gari la familia. Waliobaki uwanjani ni wawili, Haldane na huyu mgeni Kestrio, aliyekuja na injini za haibridi, za petroli na umeme pamoja, na udhamini mrefu. Kila mahali Orla imepungua kidogo kidogo, kama ilivyotarajiwa. Lakini kwenye yadi ya Haltom City haikupungua, ilianguka. Januari ziliuzwa ishirini na nane. Mei, tatu.

"Haibridi haibagui mitaa," alisema Bi. Hargrove. "Hapo kuna mkono wa mtu."

Mtu huyo alikuwa na jina. Aliitwa Salvator Ndikumana, Mrundi, muuzaji wa yadi hiyo kwa miaka sita, na ndiye aliyeifanya Orla kuwa malkia wa mitaa ile. Sasa simu ya meza yake ilikuwa inapiga namba moja ya Houston kila Jumamosi. Kamera ya yadi ilikuwa imemwona tarehe kumi na saba Februari akichapa karatasi nyingi, akazitia kwenye bahasha na kuondoka nazo kwapani.

"Anauza orodha ya wateja wetu kwa Kestrio," alisema Bi. Hargrove. "Barua ya kumfukuza hii hapa. Nataka ripoti yako Ijumaa saa sita mchana, niitie sahihi."

Walipotoka, Otieno alimfuata Jerioth kwenye korido. Walikuwa Wakenya peke yao kwenye ghorofa ile, na wakiwa wawili waliongea Kiswahili, cha Otieno kimechanganyika na Kiingereza.

"Hii si hata kesi," alisema Otieno. "Kikulacho ki nguoni mwako. Jamaa anatu-sell, basi."

"Labda. Lakini mwizi wa orodha angeiuza yadi ya jirani. Kwa nini Houston?"

"Si anajificha?"

"Anajificha na anatumia simu ya ofisi? Kila Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya kila mtu?"

Otieno alikuna kidevu. "Hapo umenishika."

Jumanne Salvator alimpokea vizuri kupita kiasi. Alimvutia kiti, akamletea maji kabla hajaombwa, ndipo akakaa. Alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini na kidogo, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka mikono ina mistari.

"Umekuwa hapa miaka sita," alisema Jerioth. "Kabla ya hapo?"

"Kabla nilikuwa ghala la Garland, dada, napakia maboksi. Kabla ya ghala, kambini Tanzania."

"Namba hii ya Houston ni ya nani?"

"Ya mtu anayeuza magari."

"Magari ya Kestrio?"

"Ndiyo."

Jerioth alikuwa amejiandaa kwa uongo, maana njia ya mwongo ni fupi na yeye humngojea mwishoni mwake. Mtu anayekubali upesi namna ile humharibia mpelelezi kazi.

"Unampigia kila Jumamosi. Kumwambia nini?"

Salvator alimsogezea glasi ya maji.

"Ile bahasha ya Februari ilikuwa na nini?"

"Karatasi."

"Za nani?"

"Si zangu."

"Kestrio wanakulipa?"

"Hapana." Salvator alitazama mikono yake. "Hata soda sijanywa."

"Basi nipe majina ya watu waliokwenda Houston, tumalize."

Kwa mara ya kwanza Salvator aliinua macho. "Majina sitakupa."

"Bwana Salvator, kuna barua iko Plano ina jina lako. Ijumaa itatiwa sahihi. Ukitoka hapa kwa kosa la kuuza siri, hakuna yadi itakayokuchukua tena. Unaelewa?"

"Naelewa. Nina watoto wanne, dada, naelewa kuliko unavyodhani. Nifukuzeni. Majina sitakupa." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kusikilizwa, "Mimi niliandika. Niliwaandikia Plano mara tatu."

"Ulimwandikia nani?"

"Barua pepe ile mliyotupa. Ya maswali."

Jerioth aliyaandika maneno hayo, akayapigia mstari. Washtakiwa wote huwa wamemwandikia mtu fulani. Lakini alipokuwa anarudi kwenye gari alijikuta anawaza jambo lingine: alikuwa amemtisha mtu kwa njaa, na mtu huyo hakuogopa njaa, aliogopa majina kuandikwa kwenye karatasi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jumatano Jerioth aliingia barabara kuu ya 45 jua halijakolea, na saa tano alikuwa Houston, kwenye yadi ya Kestrio, jasho limemlowesha kati ya mlango wa gari na mlango wa ofisi. Alimkuta dada wa miaka thelathini na tano hivi, suruali nyeupe, kibao kifuani kimeandikwa Alida.

"Natafuta gari la viti vinane," alisema Jerioth.

"Karibu sana. Watoto wangapi?"

"Wawili."

"Na viti vingine ni vya nani?" Alida alitabasamu. "Bon. Dada, mtu aliyekuja kununua Kestrio haegeshi Haldane yenye stika ya makao makuu ya Plano. Niulize ulichokuja kuuliza, maana saa sita nina mteja."

Jerioth alicheka. Alivuta kiti.

"Salvator Ndikumana unamlipa nini?"

"Kumlipa? Mara ya kwanza aliponipigia alikuwa karibu kulia. Mtu anayekupa wateja wake huku analia, huyo si mfanyabiashara."

"Mmewapunguzia bei?"

"Bei yangu ni ile ile ya Dallas. Angalia mwenyewe."

"Basi ni haibridi."

"Nusu yao wamechukua ya petroli."

"Sasa wewe una nini ambacho sisi hatuna?"

Alida aligeuza kompyuta yake kidogo, akaigonga ubavuni. "Hii nayo huwapigia kelele, nyekundu kama ya kwenu. Ila hapa ikipiga kelele mimi nainua simu, nauliza, naangalia karatasi kwa macho yangu, naweka sahihi. Ni mimi tu ninayejua Kirundi, ndiyo maana hawaendi kwa wenzangu wa Dallas."

"Inawapigia kelele kwa sababu gani?"

"Hayo ni mambo ya wateja, sikuambii hata ukilala hapa." Alida alisimama, mteja wake alikuwa ameingia. "Lakini nyinyi mnahangaika na waliouziwa. Mngewatafuta waliokataliwa."

Jerioth alimpigia Otieno kabla hajawasha gari.

"Otieno, kwenye hizo hesabu zako, mtu akija kununua gari tukamkataa, anaonekana wapi?"

"Haonekani. Mimi nahesabu sales. Kama haja-buy, kwangu hajazaliwa."

"Nitolee waliokataliwa Haltom City, kuanzia Februari."

Alikuwa njiani kurudi, ameuvuka mji wa Huntsville, Otieno alipopiga.

"Shika steering vizuri," alisema. "Watu forty-one. Wote wamekataliwa na system, hakuna binadamu aligusa. Barua imeandikwa, 'Utambulisho wako haukuweza kuthibitishwa.' Sasa sikia: thirty-three wameandika namba moja ya simu. Nyumba moja ina watu watano, surname tano. Na thirty-eight wana birthday moja! First January, wote! Jerioth, hii ni ring, tena ya watu wazembe."

Jerioth alipunguza mwendo, akasogea upande wa kulia.

Ishara hizo alizijua, maana zilikuwa zake. Mwaka uliopita alikuwa amenasa genge moja la Arlington lililochukua magari kwa majina ya watu wasiokuwepo duniani. Tarehe moja ya kuzaliwa, simu moja, majina yasiyofanana chini ya paa moja. Kutokana na kesi ile aliandika kanuni tatu, mwezi wa Februari zikaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa kanda nzima, na kampuni ikampa cheti kwenye fremu ya kioo. Sasa kanuni zake zilikuwa zimenasa genge lingine mara nane ya lile, bila yeye hata kunyanyuka kitini. Alifurahi, tusimsingizie unyenyekevu. Salvator alikuwa anawaleta watu hewa, Haldane wakawakataa, naye akaenda kuwauzia Kestrio ujinga. Ripoti ilikuwa imejiandika yenyewe. Kilichobaki ni kumwona mwenye simu.

Mwenye simu aliishi Haltom City kwenye nyumba ndogo ya matofali, na Alhamisi alasiri alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mama wa miaka sitini, kitenge kiunoni, miwani imepanda kichwani. Aliitwa Marie-Goretti.

"Ingia, binti yangu. Mgeni hasemeshwi mlangoni."

Jerioth alikuwa amekuja kumkamata kinara wa genge. Kabla hajafungua daftari alikuwa na kikombe cha chai ya maziwa na sahani ya maandazi, na ni vigumu kumhoji mtu mdomo wako ukiwa umejaa andazi lake.

"Mama, namba hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Kwa nini watu thelathini na watatu wameiandika kama yao?"

"Kwa sababu mimi nikipigiwa naelewa. Wao wakisikia Kiingereza wanakata simu." Marie-Goretti alicheka. "Hospitali wananipigia mimi. Shule wananipigia mimi. Juzi mtu wa bima kaniuliza, wewe ni Bwana Florent? Nikamwambia ndiyo, sema."

Binti wa miaka kumi na mbili aliingia na begi la shule. "Bibi, I'm home."

"Mélissa, salimia mgeni."

"Hi," alisema Mélissa, akatwaa andazi na kupotelea chumbani.

Jerioth alimfuata kwa macho, na hapo ndipo alipoiona picha ukutani. Ilikuwa imepigwa kwenye ukumbi wa parokia. Mezani kulikuwa na keki kubwa mno, na nyuma yake watu wazima zaidi ya thelathini, wanaume kwa wanawake, wengine wazee kabisa, wametunisha mashavu wanazima mishumaa kwa pamoja.

"Sherehe ya nani ile?"

"Ya kuzaliwa."

"Ya kuzaliwa nani?"

"Sisi. Sote hao."

Jerioth aliweka kikombe chini.

"Mbona umeshtuka?" Marie-Goretti alivuta kiti karibu. "Kambini kule Kigoma kulikuwa na karani mmoja na foleni isiyokwisha. Anakuuliza umezaliwa lini. Mtu anasema, mama aliniambia ni mwaka ule mvua ilikataa. Karani anajitahidi anaupata mwaka, lakini siku ataitoa wapi? Anaandika tarehe moja mwezi wa kwanza. Wa mbele yako tarehe moja, wa nyuma yako tarehe moja. Tulipofika Amerika tukaambiwa hiyo ndiyo bethdei yenu, haibadiliki mpaka kufa. Basi tukasema, kama ni hivyo, tuile keki moja."

"Na majina?" Sauti ya Jerioth ilikuwa imeshuka. "Nyumba hii kuna watu watano, majina matano."

"Sasa ulitaka tuitwe jina moja kama viatu? Kwetu mke habebi jina la mumewe, na kila mtoto anapewa lake. Mume wangu ni Nzeyimana, mimi Ntakirutimana, mkubwa wetu Egide ni Habonimana. Nyumba moja, sufuria moja."

Genge alilokuja kulikamata lilikuwa linamtazama kutoka ukutani, mashavu yamejaa upepo. Jerioth aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda kutoka miguuni. Alikuwa ameuliza kila mtu kila kitu, isipokuwa hakuwahi kujiuliza ni nini kilichobadilika Februari. Kilichobadilika ni yeye. Yeye, Mwafrika mwenzao, anayeishi mwendo wa dakika arobaini kutoka pale, alikuwa ameandika kanuni ya kuwatambua watu wasiokuwepo, na kanuni ikawatambua hawa.

Mlango wa nyuma ulifunguka akaingia mume wa Marie-Goretti, Audace, mzee mrefu aliyekwisha kuvaa fulana ya rangi ya chungwa ya ghala. Ndiye aliyewaendesha wenzake saba kila jioni kwenda kazini Garland. Alisalimia, akaitazama karatasi ya Jerioth yenye majina. Kisha akaenda kwenye kabati, akafungua Biblia na kutoa barua iliyohifadhiwa ndani ya nailoni. Utambulisho wako haukuweza kuthibitishwa.

"Mke wangu huyu husema ni habari ya gari tu," alisema Audace. "Mimi nasema mtu akikuandikia kwamba wewe si wewe, hiyo si habari ya gari. Gari nimelipata Houston. Lakini fomu za uraia nimezijaza tangu mwezi wa kwanza, ziko humo kabatini. Sizitumi. Nitazitumaje, na tayari kuna ofisi imeandika kwamba mimi ni mwongo?"

"Salvator aliwaletea barua hizi kwenye bahasha?"

"Alisema si heshima habari kama hiyo ije kwa posta. Aligawa baada ya Misa, mkono kwa mkono. Watu wengine walilia. Akatuapia kwamba majina yetu hayatatoka kinywani mwake." Audace aliitazama tena ile karatasi. "Na hayakutoka. Wewe umekuja nayo."

Jerioth angeweza kuwaambia pale pale nani aliandika kanuni. Ujasiri haukutosha. Aliaga, akafungiwa maandazi matano kwenye karatasi ya alumini, akayashika njia nzima kama mtu aliyepewa asichostahili.

Jioni ile ile, mezani kwake Plano, aliitafuta barua pepe ya maswali ambayo kila yadi ilikuwa imepewa. Ilikuwa ya idara yake mwenyewe. Hakuna mtu aliyekuwa anaisoma, ilijijibu yenyewe, "Asante kwa ujumbe wako." Barua tatu za Salvator zilikuwamo, za Februari, Machi na Aprili. Ya kwanza ilieleza habari ya tarehe moja kwa adabu na kwa mifano. Ya pili ilieleza habari ya majina. Ya tatu ilikuwa fupi: watu hawa wanahitaji gari la kwenda kazini, kama hamtaki kuwauzia nitawatafutia atakayewauzia, naomba jibu. Zote tatu zilikuwa zimeshukuriwa.

Ijumaa saa sita kasorobo alisimama mbele ya Bi. Hargrove na kurasa mbili. Otieno alikuwa dirishani.

Bi. Hargrove alisoma ukurasa wa kwanza. "Kwa hiyo ni kweli. Aliwapeleka wateja wetu kwa mshindani."

"Ni kweli. Baada ya sisi kuwafungia mlango, na baada ya kutuandikia mara tatu."

"Bado amevunja mkataba."

"Naomba Otieno aseme jambo moja."

Otieno alikohoa. "Ukiwachukua hao arobaini na mmoja, ukaongeza ndugu zao ambao hawakujaribu hata kuja, pengo la Haltom City linajaa lote. Hatukushindwa na haibridi wala udhamini. Texas yote inataka pikapu. Watu ambao bado wanataka gari la watu wanane, na watalitaka miaka kumi ijayo, ni hawa. Na Garland wako wengine, na Houston wako wengi zaidi."

Bi. Hargrove alikaa. Otieno alimtazama Jerioth. Hawakuwahi kumwona akikaa.

"Kanuni hizi ni za nani?" aliuliza.

"Jina liko ukurasa wa pili."

Bi. Hargrove alifungua ukurasa wa pili, akasoma, akasoma tena.

"Ungeweza kuandika 'kosa la mfumo,'" alisema mwishowe. "Nisingeuliza."

"Kama mfumo ndio mkosaji, hakuna wa kwenda kuwaomba radhi."

Barua ya kumfukuza Salvator ilichanwa mara mbili, ikaenda kwenye kikapu. Kanuni zilisimamishwa siku ile ile. Kuanzia Jumatatu kila jina ambalo mfumo unalitia rangi nyekundu lingepitia mikononi mwa mtu, na mtu wa kwanza kupewa kazi hiyo alikuwa Jerioth, pamoja na karipio la maandishi kwenye faili lake. Alilipokea karipio kama dawa, chungu lakini yake.

Alipofika Haltom City, Salvator alikuwa amekwisha kufungasha. Picha za watoto, kikombe, kalenda ya parokia, vyote vilikuwa ndani ya boksi juu ya meza tupu. Alisimama alipomwona, mikono pembeni.

"Nimeshajiandaa, dada."

"Fungua boksi. Hufukuzwi. Barua zako tatu nimezisoma, na nakuomba msamaha kwamba nimezisoma mwezi wa sita."

Salvator hakufungua boksi. "Na wale watu? Wana kesi?"

"Hawana kesi. Hawajawahi kuwa nayo. Ilikuwa kanuni mbaya, na aliyeiandika ni mimi."

Jerioth alikuwa tayari kwa hasira, na angeipokea. Badala yake Salvator alichukua simu ya mezani, akapiga, akasema maneno mengi ya Kirundi kwa haraka, akasikiliza, kisha akamnyooshea mkono wa simu.

"Ni Audace. Mimi haniamini, anadhani namfariji. Anataka kusikia kwa aliyeandika."

Jerioth aliipokea. "Mzee, ile barua ni kosa. Si lako, ni langu. Wewe ni wewe. Nitakuandikia nyingine ya kusema hivyo, nitaileta mwenyewe."

"Jina lako nani?" aliuliza Audace.

"Jerioth, mzee. Jana nilikunywa chai kwako."

"Chai naikumbuka. Jina lote."

"Jerioth Gathoni."

"Sema polepole, naandika. Na hilo la pili ni la baba au la mume?"

"La bibi yangu. Mzaa baba."

"La bibi!" Kalamu ya Audace ikakwaruza karatasi. "Na umezaliwa lini?"

"Tarehe kumi na nne Agosti."

"Hiyo ni ya kweli au ya karani?"

Jerioth alifikiri. Mama yake aliwahi kumwambia kwamba walifika zahanati siku mbili baada ya kujifungua, na nesi akaandika siku ile aliyomwona. Hakuwahi kulitilia maanani.

"Ya karani, mzee," alisema. "Ya kweli ni kumi na mbili."

Kicheko kilimtoka Audace kwa kishindo, kikasikika mpaka upande wa pili wa meza, na Salvator naye akaanza kucheka huku akifuta macho.

"Haya," alisema Audace. "Nimekuthibitisha. Kesho nakwenda posta na zile fomu."